Ada ya Daktari wa Wanyama

Afugaye mbwa mjini huhesabu bei ya nyama na mifupa, akasahau ada ya daktari. Mbwa auguapo, bwana wake hukimbilia duka la dawa za mifugo, akanunua kwa kukisia, maana muuza duka hadai ada ya kumtazama mgonjwa. Urahisi huo una gharama yake. Tanzania ina Baraza la Veterinari, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, nalo huandikisha madaktari. Kuuliza cheti si utovu wa adabu, wala kuuliza bei kabla ya tiba si ubahili. Mwenye fedha kidogo na aanze na chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikisha kumtokea mtu, kupona ni nadra mno, na wang'atwao wengi ni watoto. Mkanda mzuri wa shingoni na ungoje.