Imesafishwa

Kila mkesha wa Idd, bibi alifungua sanduku lake la bati, akatoa sarafu moja iliyoviringishwa kwenye kipande cha kanga, akanikabidhi. Kazi yangu ilikuwa kuisugua. Majivu ya jikoni, nusu ya ndimu, kitambaa. Ikishang'aa aliigeuzageuza kwenye mwanga wa koroboi na kusema, "Haya, baba yangu ameoga." Sarafu aliachiwa na baba yake. Mimi nilikuwa na miaka minane, na kazi hiyo niliifanya hadi nilipokwenda sekondari ya bweni.

Ni Heller 20 ya mwaka 1916. Upande mmoja una taji, mwaka, na herufi D.O.A., kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chini kuna T, yaani Tabora, kwetu. Waingereza walikuwa wamefunga njia ya bahari, fedha haikuweza kuletwa kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakajitengenezea wenyewe kwenye karakana ya reli pale pale mjini, wakiyeyusha hata maganda ya mizinga. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji. Heller zikafa, jina likabaki: hela tunazodaiana mpaka leo ni hizo.

Mwaka juzi bibi alipata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mjomba aliona mtandaoni sarafu kama yetu ikiuzwa kwa bei ya kutosha upasuaji na nauli. Bibi akaridhia bila maneno mengi. Binamu yangu aliye Ujerumani akaipeleka ikapimwe daraja, maana tuliambiwa mnunuzi wa maana haangalii sarafu, anaangalia namba.

Namba hizo zina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za kwao. Wazo lake lilikuwa kwamba sarafu ya 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya 1. Bei zilikataa kutii hesabu hiyo, ila kipimo kikabaki, kikaenea hadi kwenye sarafu za nchi ambazo hakuwa akizifikiria. Kampuni kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, mwaka uliofuata, zinaipima sarafu, zinaifungia kwenye kasha la plastiki na kuandika daraja juu yake.

Yetu ilirudi bila namba. Waliandika hali yake kwa maneno, kisha: imesafishwa.

Nilikasirika, halafu nikaazima lenzi. Walikuwa sahihi. Uso mzima una mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikizunguka upande mmoja, upande wa mkono wangu wa kulia. Ndimu ilikuwa imeondoa ule utando wa kahawia ambao shaba huuvaa kwa miaka mingi, na ambao wakusanyaji huulipia. Siwezi kuwalaumu. Kabla ya vipimo hivi, muuzaji aliita sarafu yake safi, na ile ile alipotaka kuinunua kwako aliiita mbovu. Mnunuzi asiyejua alilizwa. Sasa kijana wa Mwanza anaweza kununua kutoka kwa mtu wa Lisbon asiyemfahamu, akapata alichoambiwa.

Lakini za Tabora zilizaliwa na kasoro. Zilipigwa chapa kwa haraka, kwa mihuri iliyokuwa ikichoka, nyingine taji likatoka hafifu siku ile ile ya kwanza. Mpimaji asiyezijua anaweza kudhani zimelika kwa kupita mikononi, kumbe hazikuwahi kununua hata kibaba cha mtama. Anayezijua hutofautisha. Anayenunua plastiki tu, na wako wengi, hana haja ya kujifunza hilo, na hapo ndipo naona hobi inapungua ladha.

Bei tuliyopewa isingelipia hata jicho moja. Ukoo ukachangishana, bibi akapasuliwa, na binamu akairudisha sarafu na kasha lake.

Nilimpelekea mwenyewe. "Shikamoo bibi." Alinitazama usoni kwa muda, kwa macho mapya, akasema nimezeeka. Kisha akalichukua kasha, akaligonga kwa ukucha.

"Nani kamfunga?"

"Wapimaji, bibi."

"Wamesemaje?"

Njia nzima ya treni nilikuwa nimetafuta namna ya kulisema. "Wamesema imesafishwa."

Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Wameona, ee? Wazungu wameona!" Akawaita majirani awaambie. Mimi nikabaki nimeshika kikombe cha chai.

Usiku, kila mtu alipokwisha lala, alikuja na kisu cha jikoni na nusu ya ndimu, akauliza plastiki ile inafungukia wapi.