Gome la Mwiritsa

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nashuka Country Bus, Nairobi, kumchukulia baba mzigo uliotoka nyumbani kwa basi la usiku. Mfuko wa unga uliofungwa kamba, ndani yake vipande vikavu vya rangi ya kahawia vyenye harufu ya lozi. Baba alisema ni dawa ya tumbo. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka ya kurudi kazini, na kusema kweli, kwetu mtu hamhoji babake mambo ya tumbo.

Halikuwa tumbo. Ilikuwa tezi dume, na tulipoambiwa, kansa ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Tulimzika mwezi wa nane.

Desemba nikarudi Shinyalu, mara ya kwanza tangu mazishi. Asubuhi ya pili, shangazi akanigongea dirisha.

"Baba, vaa viatu vya kutembea. Kuna kitu uone."

Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la babake. Amekuwa akiniita hivyo tangu nizaliwe na sijawahi kulitilia maanani. Siku hiyo liliniuma kidogo.

Boda ikatushusha Isecheno, mbele ya ukanda wa chai uliopandwa enzi za Moi. Mpango huo ulianza 1986, chai ikawa kama ua la kuzuia watu wasizidi kuumega msitu. Ukishavuka ile chai, hakuna utangulizi: hatua mbili tatu na jua limezimwa. Baridi inakupata shingoni. Mbega wanarukaruka huko juu, wewe unaona mkia tu, mweupe, halafu majani yanatikisika.

Shuleni tulifundishwa kwamba msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki cha msitu mkubwa wa mvua uliotokea Kongo mpaka huku kwetu. Nilijibu swali hilo nikapata alama zangu. Lakini nilipokuwa nimesimama chini ya mti ambao watu watatu hawangeweza kuuzungushia mikono, sikuwa na jina la kuuita. Shangazi alikuwa nayo majina yote. Mutere, huu hapa. Mukumari, huu ni mbao. Aliyasema akiwa anatembea, bila kugeuka, kama mtu anayesalimia majirani. Nikatoa simu nipige picha.

"Hizo picha utakaa uziangalie saa ngapi?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikairudisha mfukoni.

Baada ya kama saa moja akaacha njia na kuingia kichakani. Nikamfuata, miiba ikinishika suruali. Akasimama.

"Ni huu."

Ulikuwa mwiritsa. Wakikuyu huuita muiri. Kutoka mizizini hadi juu kabisa ya kimo cha mtu, shina lilikuwa uchi, limeambuliwa pande zote, limekauka na kupasuka. Juu matawi yalikuwa matupu. Upande mmoja tu kulikuwa na kovu la zamani, pana kama viganja viwili, ambalo kingo zake zilikuwa zimeanza kujifunga kabla ya hao wengine kufika.

Shangazi akaweka mkono juu ya kovu lile.

"Hapa ndipo nilikuwa nachukua mimi. Hapa tu. Mti unaomba, unachukua upande mmoja, unauacha upone. Sasa kuna mtu aliniona, ama alifuata nyayo zangu. Sijui."

Gome ndilo linalopeleka chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Ukilichuna mzunguko mzima, mizizi inakufa njaa, na mti unafuata polepole. Na soko lipo. Kwa miaka mingi Ulaya wamekuwa wakinunua dawa inayotokana na gome hili kwa ajili ya wazee wenye shida ya mkojo, mpaka 1995 mti ukaingizwa kwenye mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kuchuna bila kibali ni kosa, shangazi anajua hivyo. Ndiyo maana hata pale, kati ya miti peke yetu, alikuwa ananong'ona.

"Alikuwa ananipigia simu, ananiambia anaenda haja vizuri," akasema. "Nikafikiri anapona."

Hapo ndipo penye shida. Ilimsaidia. Tezi ikivimba tu, gome linaweza kukupunguzia taabu. Kansa haijali. Baba alipata nafuu ya kutosha kumfanya asiende hospitali.

"Wewe ulikuwa unafungua mzigo?" akaniuliza.

"Nilikuwa nanusa tu."

Akatikisa kichwa. Hakunilaumu, ningependa hata angenilaumu. Tukakaa pale kwa muda, watu wawili waliokuwa wakipokezana mfuko mmoja wa unga, mmoja huku na mwingine Nairobi, na hakuna aliyempigia mwenzake kuuliza.

Tukashuka mpaka Mto Yala. Msitu ulikoma ghafla, tukatokea kwenye nyasi, jua kali, ng'ombe kadhaa na kijana mmoja aliyelala kofia usoni. Baba alichunga hapa akiwa mdogo. Shangazi anasema alikuwa anaiba muda wa malisho kwenda kutazama mafahali wakipigana, kisha anarudi mbio na kuhesabu ng'ombe wa babu huku akilia kwa hofu. Hiyo sikuwahi kuambiwa. Tulicheka sana, mpaka yule kijana akainua kofia kututazama.

Shangazi akavua viatu, akatia miguu majini.

"Una miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na minne."

Akang'oa jani, akalitupa mtoni, akaliangalia likizunguka kwenye jiwe kabla maji hayajalichukua.

"Siku ukiumwa," akasema, "usiniambie ni tumbo."