Kanda ya Monk na Dhamana ya Kumbukumbu

Mapema mwaka 2005, katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, mtaalamu wa sauti Larry Appelbaum alikuwa akihamishia kanda za zamani za Sauti ya Amerika kwenye mfumo wa dijitali. Akakuta boksi moja lenye maandishi ya mkono: “T. Monk”. Ilikuwa rekodi ya Carnegie Hall, New York, ya Novemba 29, 1957, Thelonious Monk akipiga piano na John Coltrane saksofoni, katika onyesho la magwiji wa jazi walilochangia kituo cha jamii cha Harlem. Billie Holiday na Ray Charles nao walikuwamo.

Niisikilizapo rekodi hiyo, siwezi kuitenga na siasa za wakati wake. Sauti ya Amerika iliupeleka muziki wa Weusi ng’ambo kama ushahidi wa uhuru. Miezi miwili kabla ya onyesho hilo, wanajeshi waliwasindikiza wanafunzi tisa Weusi kuingia shuleni huko Little Rock. Monk mwenyewe alikuwa amekaa takriban miaka sita bila kibali cha polisi cha kufanya kazi katika vilabu vya New York.

Utata huo tunaweza kuujadili leo kwa ushahidi wa masikio yetu, kwa kuwa kanda ilitunzwa miaka 47, na mtumishi mmoja wa umma akaifungua. Ndugu watumishi, stoo za ofisi zenu nazo zina maboksi. Fungueni kabla ya kuteketeza.