Kuukadiria Mto Tana kwa Mstari Ulionyooka

Nimepotea kwa muda, mniwie radhi, kazi za watu zilinibana. Leo narudi na deni la zamani. Nina binamu yangu anayesoma chuo kikuu, na kila akifika kwenye takwimu ananipigia simu: "Kaka, hii rigresheni ya mstari, mbona mwalimu anabonyeza kompyuta tu na majibu yanatoka? Zile namba zinatoka wapi?" Nilimwahidi nitaandika. Ila sitatumia mifano ya bei za nyumba za Marekani iliyojaa vitabuni. Nitatumia mto wa kwetu, kwa sababu ni huko nilikofunzwa somo hili, tena kwa aibu.

Kwa wasiopajua, kwetu ni Garsen, kaunti ya Tana River. Ukitoka Malindi kwenda Lamu kwa barabara utauvuka mto wetu. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000. Unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa matano ya umeme (Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere), unafika Garissa, unashuka kusini hadi Hola na Garsen, kisha unaingia baharini upande wa Kipini. Kutoka Garissa hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 200 hata ungeruka kama ndege, na mto wenyewe hauendi kama ndege. Unajipinda kama nyoka aliyekanyagwa.

Shikeni jambo moja: kuanzia Garissa kushuka, Tana haupokei mto mwingine wa kudumu. Kuna laga tu, mabonde makavu yanayoamka mvua ikinyesha. Kwa hiyo maji mengi tunayoyaona Garsen yalipita Garissa siku kadhaa kabla. Mtu wa programu akisikia hivyo, mikono inaanza kumwasha.

Mjomba wangu analima kando ya mto. Mahindi na ndizi juu kidogo, mpunga chini, na miembe aliyoirithi. Msidhani mkulima wa Kipokomo anaomba mto usifurike kabisa. Mafuriko ndiyo yanayoleta tope la rutuba, na mwaka usio na maji ni mwaka wa njaa. Ndugu zetu Waorma nao wanaungoja mto kwa ajili ya malisho ya ng'ombe. Swali la wote ni moja: maji yatapanda kiasi gani, na siku gani? Ukihama mapema bure, umekata mahindi mabichi na kupata hasara. Ukichelewa, hasara ni kubwa zaidi.

Basi likizo moja mjomba akaniambia, "Wewe mwanangu unayeshinda na kompyuta, hebu iulize maji yatafika wapi." Alitania, mimi nikachukua kwa uzito. Tukasimamisha boriti ukingoni, nikaipiga alama za rangi kila sentimita 10. Binti yake akawa ananitumia ujumbe wa simu kila asubuhi. Kina cha Garissa nikawa nakipata kwa rafiki yangu anayeishi kule. Baada ya misimu michache ya mvua nilikuwa na jedwali la kutosha.

Sasa binamu, fungua daftari. Ili uweze kukokotoa kwa mkono, nakupa namba tano tu, nimezitunga kwa kujifunzia. Kina cha Garissa kwa mita: 1, 2, 3, 4, 5. Kina cha Garsen siku kadhaa baadaye: 1.2, 1.6, 2.3, 2.7, 3.2. Tunatafuta mstari huu:

Garsen = a + b × Garissa

Hapo b ni mteremko, yaani Garissa ikipanda mita moja, Garsen inapanda kiasi gani. Na a ni pale mstari unapoanzia Garissa ikiwa sifuri. Hivi viwili ndivyo vigezo tunavyovikadiria. Mistari inayoweza kupita karibu na nukta tano haina idadi, tuchague upi? Kanuni ni hii: kwa kila nukta pima umbali wa wima kutoka kwenye mstari, uzidishe umbali huo kwa wenyewe, kisha jumlisha yote. Mstari wenye jumla ndogo kuliko yote ndio wetu. Mfaransa Legendre aliichapisha njia hii mwaka 1805. Mjerumani Gauss akaja kuichapisha 1809 akisema yeye alikuwa akiitumia tangu 1795, na ugomvi ukaanza. Hata wakubwa hugombania shamba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Wastani wa Garissa ni 3, wa Garsen ni 2.2. Kwa kila siku toa wastani pande zote mbili, zidisha tofauti hizo, jumlisha: utapata 5.1. Kisha chukua tofauti za Garissa peke yake, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha: 10. Gawanya 5.1 kwa 10, b ni 0.51. Halafu a ni 2.2 kutoa 0.51 × 3, yaani 0.67. Umemaliza, na hujagusa kompyuta.

Ukiwa na mamia ya siku, hapo ndipo programu inapokuja. Mimi natumia R. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure, na hata kompyuta kuukuu inaibeba. Andika hivi:

garissa <- c(1, 2, 3, 4, 5)
garsen <- c(1.2, 1.6, 2.3, 2.7, 3.2)
mstari <- lm(garsen ~ garissa)
summary(mstari)

Itakurudishia 0.67 na 0.51 zile zile, lakini usiishie hapo. Pembeni ya kila kigezo kuna kosa lake sanifu, yaani makadirio hayo yanaweza kuyumba kiasi gani. Kwa b hapa ni kama 0.025, dogo ukililinganisha na 0.51. Chini utaona R mraba, hapa kama 0.99. Maana yake mstari umeeleza karibu kupanda na kushuka kote kwa Garsen katika nukta ulizompa. Nalirudia: katika nukta ulizompa.

Data yangu ya kweli haikuwa safi hivyo, lakini mstari ulikaa vizuri. Niliufurahia kupita kiasi. Nilimwonyesha kila aliyekaa karibu nami.

Ikaja Novemba 2023, mvua za El Niño. Rafiki wa Garissa akanitumia kipimo ambacho hakikuwahi kuwamo kwenye jedwali langu, si karibu hata kidogo. Sikusita. Nikakiingiza kwenye mstari, nikampigia mjomba: "Mjomba, Jumatano maji yatapita alama ya juu kabisa. Hameni." Mjomba aliniamini. Aliamka alfajiri akakata mahindi mabichi, akavusha mbuzi kwa mtumbwi, akawaambia na majirani. Wengi walimfuata, maana kijana wa kompyuta amesema.

Jumatano mto ulipanda, lakini boriti ilibaki na alama nyingi kavu. Alhamisi hivyo hivyo. Ijumaa watu wakaanza kucheka, na Jumamosi baadhi yao wakarudisha magunia na vyombo nyumbani. Maji yakaja baada ya hapo, usiku, polepole, tena hayakutoka mbele mtoni. Yalitokea nyuma, kupitia mkondo wa zamani ambao wazee wanaujua na mimi nilikuwa nikichezea mpira ndani yake. Namshukuru Mungu hakuna aliyekufa pale kwetu. Lakini waliorudi walipoteza chakula, na mama mmoja jirani alipoteza mbegu yote ya mpunga. Walirudi kwa sababu walishakoma kuniamini, na walikoma kuniamini kwa sababu nilitaja siku moja na alama moja kana kwamba nimeonyeshwa.

Nilikwenda nyumbani barabara ilipopitika. Mjomba hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinipeleka ukingoni akasema, "Mwanangu, mto ukiwa ndani ya kingo ni mto mmoja. Ukitoka ni mto mwingine. Wewe ulimpima wa kwanza ukatutabiria wa pili."

Sijapata mwalimu aliyeeleza vizuri kuliko hivyo. Maji yakiwa ndani ya kingo, mita moja ya Garissa inafika Garsen kwa kiasi kinachotabirika. Yakivuka kingo njiani, yanatapakaa mbugani, yanajaza mabwawa na mikondo ya kale, yanapumzika huko. Kilele kinachofika chini kinakuwa kifupi kuliko mstari unavyosema, na kinachelewa. Na boriti yangu ya ukingoni haikuwa na habari na maji yanayopita nyuma ya kijiji.

Je, programu ingenionya? Nusu. Rudi kwenye mfano wetu, uliza kina cha Garissa kikiwa 7:

predict(mstari, data.frame(garissa = 7), interval = "prediction")

Itajibu 4.24, lakini itaongeza kwamba ni kati ya kama 3.82 na 4.66. Ukiuliza 3, katikati ya data, nafasi ni kama 0.28 kila upande. Kwenye 7 imekuwa 0.42. Ukitoka kwenye data yako, mashaka yanapanuka. Mimi sikuuliza nafasi hiyo, niliuliza namba moja. Hata hivyo binamu, nafasi yenyewe inahesabiwa kwa kudhani kwamba mstari unaendelea kunyooka. Kama mto umegeuka, R haina habari. Hilo lilikuwa jukumu langu, si la kompyuta.

Sasa nafanya hivi. Kwanza nachora nukta na mstari kwa plot na abline kabla ya kusoma namba yoyote. Pili, natazama masalio, yaani tofauti ya kilichotokea na mstari ulichosema. Yakianza kuinama upande mmoja kwenye vina vikubwa, mstari unakudanganya. Tatu, nimeuruhusu mstari ukunjike pale mto unapovuka kingo. Tuseme kwenye mfano wetu ni mita 5:

lm(garsen ~ garissa + pmax(garissa - 5, 0))

Kile kipande cha pili ni sifuri mto ukiwa ndani ya kingo, na kinaanza kuhesabu ukitoka. Ila kinahitaji siku za mafuriko ndani ya data, kwa mfano wetu wa nukta tano hakitakupa kitu. Mimi nilizipata siku hizo kwa hasara ya majirani, na kila nikiendesha mstari huo nawakumbuka. Nne, tumeweka boriti ya pili kwenye ule mkondo wa nyuma. Mahali pake alipachagua mjomba.

Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipokuja, nilimpigia tena. Safari hii nilisema, "Mjomba, maji yatakuwa kati ya alama hii na hii, kati ya siku hii na hii, na huko juu sina uhakika." Nilidhani atakasirika kupewa jibu lenye mikia miwili. Kumbe ndilo alilokuwa akilitaka. Mbegu na mbuzi alivihamisha siku ya kwanza, vyombo siku ya pili, na mahindi akayaacha shambani mpaka boriti ya nyuma ilipolowa. Maji yaliingia ndani ya nafasi niliyotaja, upande wa chini. Siringi, mara moja si ushahidi.

Binamu, namba zinatoka pale: wastani, tofauti, kuzidisha na kugawanya. Mwalimu wako akibonyeza tena, muulize data yake inaishia wapi. Na yule mama wa mpunga nilimpelekea mbegu msimu uliofuata. Alizipokea, akanishukuru, kisha akaniuliza kama mwaka huu kompyuta imesema nini. Nikamwambia amuulize kwanza mjomba.

Haya, tuonane tena nikipata nafasi. Kwaherini.