Kutoa ni Moyo

Wahenga wetu wa pwani walipotuusia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hapana shaka walikusudia moyo ule wa washairi: moyo unaopenda, unaosubiri, unaokinai na kusononeka. Hawakuwa na haja ya kuutaja moyo wa matabibu, pande la nyama lisilozidi ngumi ya mwenyewe, lenye vyumba vinne na milango inayofunguka na kufunga bila ya kuamrishwa. Yupo hata hivyo mtu mmoja ambaye mioyo hiyo miwili ilikutana katika maisha yake, isitengane tena. Mtu huyo si malenga. Ni mcheza mpira. Ni Nwankwo Kanu wa Nigeria.

Alizaliwa Owerri mwaka 1976. Mwaka 1993 alikuwa katika kikosi cha vijana wa Nigeria kilichotwaa Kombe la Dunia huko Japani, na miaka miwili baadaye akawa bingwa wa Ulaya na Ajax ya Uholanzi. Lakini sisi wa visiwani tulimjua hasa mwaka 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Timu zetu hazijapata kufika huko, na kwa hiyo tumezoea kuazima furaha ya jirani. Katika nusu fainali Brazil iliongoza kwa mabao 3 kwa 1. Nigeria ikapata la pili, na dakika ya mwisho nahodha Kanu akasawazisha. Katika muda wa nyongeza akafunga tena, likawa bao la dhahabu. Kisha Argentina ikafungwa 3 kwa 2, na kwa mara ya kwanza dhahabu ya mpira wa miguu ikaja Afrika. Mabaraza ya mtaani kwetu yalirindima kana kwamba kijana yule ametoka Ng'ambo au Malindi.

Furaha ile haikukaa. Kanu alikuwa amesajiliwa na Inter ya Milano, na madaktari walipompima wakagundua kwamba vali ya mshipa mkuu wa moyo wake ina kasoro. Aliambiwa kuwa hatacheza tena. Alikuwa na umri wa miaka 20. Novemba mwaka huohuo akapasuliwa huko Cleveland, Marekani, na mwezi wa Aprili 1997 akarejea kazini.

Habari hizo sikuzipokea kama mpenzi wa mpira tu. Miaka michache kabla yake, dada yangu alikuwa na mtoto wa kike ambaye midomo yake iligeuka samawati kila alipolia. Wenziwe wakicheza nage, yeye alikaa kizingitini akiwahesabia. Daktari alitueleza kwamba moyo wake una tundu, na kwamba upasuaji wake haufanyiki nchini. Sharti apelekwe nje. Tukachanga, tukaandika barua, tukangoja. Mola alimchukua kabla ya safari kutimia. Simlaumu mtu. Lakini tangu siku ile sikuweza kuusikia mkasa wa Kanu bila ya kujiuliza: hawa wawili, maradhi yao yakikaribiana hivi, walitofautiana nini?

Walitofautiana katika kupimwa mapema, na katika kuwa na wa kulipa. Klabu tajiri haimnunui mchezaji kabla ya kumkagua, na ukaguzi ule ndio uliomwokoa. Wapo wachezaji wasioipata bahati hiyo. Mwaka 1989 Samuel Okwaraji, mwenye miaka 25, alianguka uwanjani Lagos akiichezea Nigeria dhidi ya Angola, akafariki. Kanu wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 13. Mwaka 2003 Marc-Vivien Foé wa Cameroon naye alianguka mjini Lyon, asiinuke.

Kanu yeye aliinuka. Mwaka 1999 alijiunga na Arsenal, na mwezi wa Oktoba, timu yake ikiwa nyuma kwa mabao 2, akaifunga Chelsea mabao 3 katika robo saa ya mwisho, la tatu kutoka pembeni kabisa, karibu na mstari wa goli, mahali ambapo hata mwenye busara angetoa pasi. Alitwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2002 na 2004, na mwaka 2008 bao lake moja liliipa Portsmouth Kombe la FA. Aliiaga timu ya taifa baada ya Kombe la Dunia la 2010.

Lakini mwaka 2000, akiwa bado kijana na jina lake likivuma, alianzisha wakfu wa kuwatibu watoto wenye maradhi ya moyo ambao wazazi wao hawana uwezo. Mamia ya watoto wamepasuliwa kwa msaada huo, wengi wao wakipelekwa Uingereza, Israel na India. Angeweza kujenga majumba na kuusahau ule mwezi wa Novemba, na hakuna ambaye angemlaumu.

Msomaji anaweza kusema, na kwa haki, kwamba mtoto mmoja mmoja kupandishwa ndege ni tone katika bahari. Kweli; hisani ya mtu mmoja haiwezi kusimama badala ya hospitali. Nijuavyo, Kanu mwenyewe ametamani kwa miaka mingi kuona hospitali ya moyo ikijengwa kwao, ili safari hizo zikome. Hata hivyo tone ni kubwa kwa aliye na kiu, na wenye mamlaka hawaamki mpaka mtu awaonyeshe kwamba watoto hawa wanatibika.

Kwetu yamebadilika kidogo. Tangu mwaka 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na watoto wanapasuliwa pale. Mama wa Unguja mwenye mtoto wa midomo ya samawati bado ana wasiwasi wa nauli, wa gharama na wa zamu ya kungoja. Lakini ng'ambo anayovukia leo ni ya saa mbili kwa boti, na akiwa kule anaweza kuzungumza na daktari kwa Kiswahili.