Jiwe la Eyam

Tauni ilifika Eyam, kijiji cha Derbyshire, Uingereza, mwaka 1665, ndani ya nguo zilizotoka London. Kasisi William Mompesson akawaomba watu wasitoke, na wakakubali. (Watoto wake mwenyewe alikuwa ashawatoa. Hilo limenikwama.) Kanisa likafungwa, ibada ikahamia bondeni, kila mtu akazika wake. Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita kwa siku nane.

Nje ya kanisa la Mtakatifu Lawrence nililiona kaburi la Catherine, mke wa kasisi, aliyekufa Agosti 1666. Yeye alikataa kuondoka.

Nikapanda hadi jiwe la mpakani. Lina vishimo: humo walitia sarafu ndani ya siki, nao majirani wa kijiji cha pili wakawaachia chakula.

Aprili 2020, Nairobi ilipofungwa, shosho alizikwa Nyeri bila mimi. Nilitazama kwa simu, bando ikaisha kabla ya udongo. Nilikasirikia kila mtu, hata waliobeba jeneza.

Nilitia kidole shimoni. Maji ya mvua, baridi kweli. Nikatafuta sarafu mfukoni, nikapata shilingi kumi ya nyumbani, nikaiacha hapo.