Gari likilia, tusikilize

Mwezi huu tulienda Gikundamvura, wilaya ya Rusizi, jirani na mashamba ya mpunga ya Bugarama. Pikapu ilikuwa kuukuu. Kila shimo, mbele ikalia "kong!" Sisi tukasema, ah, ni shokapu tu, twende. Dereva akakataa. Akapiga jeki chini ya mkono unaobeba gurudumu, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Mmoja wetu akakanyaga breki, bado likacheza. Basi si beringi, ni bolijointi imekwisha. Ikichomoka njiani, gurudumu linalala na usukani haufanyi kazi tena. Tulilala pale na njaa, lakini tulirudi wote.